Majirani, kabla ya baraza la nyumba za bei nafuu, angalieni majitaka

Kwenye mitaa ya zamani ya Eastlands, Nairobi, mabishano kuhusu maghorofa ya bei nafuu yatakayochukua nafasi ya nyumba zetu huishia kwenye bei. Ni haki yetu, ila kinachokuja kutuumiza baadaye ni bomba la majitaka. Pigeni hesabu: nyumba 1,000, watu 4 kila moja, lita 100 kwa mtu, ni lita 400,000 kwa siku, na nyingi zinarudi chini kama majitaka. Bomba lililolazwa kwa ajili ya nyumba zisizo na ghorofa huenda lisiweze. Fungueni mfuniko wa chemba ya majitaka iliyo bondeni kabisa saa moja asubuhi, watu wakioga. Maji yakiwa yamepita nusu ya bomba na mafuta meupe yameganda ukingoni, ni dalili kuwa nafasi iliyobaki ni ndogo. Msiingie ndani, gesi yake inaua. Pigeni picha, mwende nayo barazani.

Kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 zinataka angalau mikutano 3 na wanaoathirika. Mmoja wa haraka haraka, mkasaini karatasi ya mahudhurio, hautoshi. Andikeni pingamizi kando ya sahihi.

Kuhusu bei, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inaweka nyumba za kijamii kwa wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Ulizeni zitakuwa ngapi, na jibu liingie kwenye kumbukumbu za mkutano. Wapangaji wa sasa nao wapewe barua ya kuwahakikishia kurudi, yenye jina na aina ya nyumba, kabla lori la kwanza halijabeba vitanda.