Kama Una Haraka

Ni siku ya nne leo tangu tulipomsomea Baba khitma ya arobaini, na neno la Shangazi bado limenikaa kifuani. Tulikuwa tumeketi mikekani katika chumba cha wanawake, pale nyumbani Ngamiani, kila mmoja na juzuu yake, na mimi nilikuwa nimefika katikati ya juzuu yangu mguu wa kulia ulipoanza. Niliukunja, nikaukalia, nikaubana chini ya ule wa kushoto, lakini ukindu wa mkeka ukawa unalia kwa kila mtikisiko, hata jirani yangu akageuka. Ndipo Shangazi, bila kuinua macho kwenye msahafu wake, akasema: "Mwanangu, kama una haraka si uende zako? Hakuna aliyekufunga kamba hapa." Nikamjibu, "Sina haraka, Shangazi, ni miguu tu." Naye akasema, "Miguu humfuata mwenyewe," kisha akaendelea kusoma.

Haraka ya kwenda wapi, mimi niliyelala kitini pembeni ya kitanda cha Baba miezi miwili ya mwisho? Wiki hii posa ya Mwanahamisi imejibiwa na shuleni tumepata mwalimu mkuu mpya, lakini kila nikibaki peke yangu narudi palepale mkekani, nikitafuta jibu ambalo ningelitoa. Ningemwambia kwamba si maumivu, wala si ganzi, bali ni kama sisimizi wanaotembea ndani ya muundi, mahali ambapo mkono hauwezi kufika kukuna. Ningemwambia kwamba mchana, nikiwa nimesimama darasani, sisikii chochote, ila jua likishazama nami nikaketi au kujinyoosha kitandani, miguu hudai kutembea na haikubali kunyimwa. Nikiinuka, hatua chache tu zinatosha kuituliza; nikirudi kulala, nayo inarudi. Ningemwambia hayo yote, lakini mtu huwezi kumweleza mkubwa wako mambo hayo huku Yasini inasomwa.

Jumatano nilikwenda kuchukua majibu ya damu. Daktari, kijana mwenye subira, aliniambia kwamba hali hii ina jina, ugonjwa wa miguu isiyotulia, na si ya jana: Mwingereza Thomas Willis aliiandika tangu mwaka 1672, na Karl-Axel Ekbom wa Sweden akaieleza kwa kina mwaka 1945. Siwezi kueleza faraja niliyoipata kusikia kwamba kuna watu waliokosa usingizi kama mimi kabla ya babu wa babu yangu kuzaliwa. Figo zangu, ambazo zikishindwa kazi huweza kuleta mambo haya, ziko salama. Wingi wa damu nao hauna neno. Kilichopungua ni akiba ya chuma, wanayoipima kwa feritini: yangu ilikuwa 16, na kwa mtu mwenye miguu ya namna hii wao hupenda ivuke 75. Alinifafanulia kwamba mtu aweza kuwa na damu ya kutosha huku ghala likiwa tupu, na kwamba ubongo unahitaji chuma hicho ili kutengeneza dopamini, ambayo ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza mienendo ya mwili. Damu yangu ya mwezi, ambayo tangu mwaka jana imekuwa nyingi kupita kiasi, ndiyo anayoishuku zaidi, na ameniandikia kipimo kingine kwa ajili hiyo. Nilipomwambia kwamba nilihangaika hivihivi nilipokuwa na mimba ya Mwanahamisi, na kwamba iliondoka baada ya kujifungua, alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akilisubiri neno hilo.

Kilichonishtua ni vile vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi. Nimekuwa nikivimeza kila usiku ili nilale, kumbe ni miongoni mwa dawa zinazoichochea miguu. Chai ya rangi, niliyozoea kuinywa papo hapo na chakula, nayo huzuia chuma kisiingie mwilini. Sasa nameza kidonge cha chuma siku moja na kuruka inayofuata, kwa maji ya chungwa, na chai nimeisogeza mbali na mlo. Jioni natembea hadi Raskazone na kurudi, na kabla ya kulala naiweka miguu katika beseni la maji ya moto. Daktari amesema nisitarajie nafuu ya haraka, kwa kuwa ghala hujaa polepole.

Kabla sijaondoka aliniuliza kama kuna mwingine katika ukoo mwenye hali hii, kwa sababu mara nyingi hurithiwa. Nikasema hakuna. Nilikuwa ndani ya bajaji, tunakata kona ya kuingia mtaani kwetu, nilipomwona Baba: msuli ameupandisha hadi magotini, anatembea uani usiku wa manane kutoka kisimani hadi mlango wa jikoni, nasi watoto tukiamini kwamba analinda wezi. Nikakumbuka alivyokuwa akilala kifudifudi kwenye saruji baridi baada ya Isha na kuniita nipande juu ya miguu yake. "Nikanyage, mwanangu, usiogope. Hapo hapo. Kanyaga kwa nguvu." Nilikuwa na miaka sita au saba, na nyayo zangu zilijua pale chini ya goti ambapo nyama ilikuwa ikitetemeka, kisha ikatulia.

Tangu hapo neno la Shangazi linanijia kwa sauti nyingine, wala sina tena hamu ya kumjibu. Nataka kumuuliza tu kama naye halali, na kama babu alikuwa akitembea usiku. Nitamwendea Jumamosi na chungwa zangu.

Sasa ni saa nane, nimesimama dirishani, na mvua imeanza kwa upepo. Bati la jikoni kwa Baba lilikuwa limeng'oka msumari upande wa kisimani, na sidhani kama kuna aliyekumbuka kulipigilia.