Siku moja darasani: rangi za maji kwa watu wazima, Mji Mkongwe

Saa 12:30 asubuhi. Kazi ya kwanza ya Jumamosi ni kukata karatasi. Karatasi nzima ya pamba, yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, ina sentimita 56 kwa 76, nami huigawa vipande vinane vya sentimita 28 kwa 19. Wapo wanaonishauri niwape wanaoanza karatasi ya bei nafuu kwanza, kwa hoja kwamba wataiharibu tu. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu karatasi nyepesi hunywa maji papo hapo, huvimba na kujikunja, na mwanafunzi hujilaumu kwa kasoro ambayo si yake. Heri kipande kidogo cha karatasi nzuri.

Hapa Unguja, aidha, karatasi ina adui wake, nayo ni hewa yenye unyevu wa bahari. Karatasi nyingi za namna hii hutiwa jelatini kiwandani ili zisinywe maji yote kwa mara moja, na jelatini hiyo ni chakula cha kuvu. Iliyofungiwa kabatini masika yote huonekana safi kabisa mpaka rangi iiguse. Hapo ndipo madoa hujitokeza, na hayana dawa. Zangu hukaa ndani ya boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Saa 3:00 asubuhi. Wanafunzi wanaanza kupanda ngazi. Yupo muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, fundi cherehani, dada anayetembeza watalii, mzee aliyestaafu kazi ya benki, na kijana anayechora Tingatinga kwa ajili ya maduka. Mzee namwamkia shikamoo, naye baada ya kuitikia marahaba huniita Mwalimu, kwa hiyo heshima inakwenda pande zote mbili. Kila mmoja anapata ubao, mkanda wa karatasi wa kubana kingo nne, sahani nyeupe ya kauri ya kuchanganyia, brashi mbili, kitambaa cha pamba na makopo mawili: moja la kusuuzia brashi, jingine la maji safi yasiyoguswa na brashi chafu.

Saa 3:30. Zoezi la kwanza ni kupaka rangi moja kwa usawa kuanzia juu hadi chini. Ubao unainamishwa kidogo, brashi inajazwa, mstari wa kwanza unavutwa kwa mlalo, na maji yanajikusanya kwenye ukingo wake wa chini. Mstari unaofuata unayapokea maji hayo na kuyateremsha, hadi mwisho wa karatasi ambapo brashi iliyokamuliwa huyanyonya. Kazi yote ni hiyo, na kwa mkono si ngumu. Ugumu uko kwenye subira. Mtu mzima akiona sehemu imepauka hawezi kuiacha. Hurudi na brashi iliyojaa maji juu ya rangi iliyoanza kukauka, maji mapya yanasukuma chembe za rangi pembeni, na doa lenye kingo za kuchanikachanika linabaki hapo daima. Kwa hiyo nusu saa nzima hatupaki chochote. Tunainamia karatasi zetu tukitazama mng'ao wa maji: unapong'aa kama kioo, rangi mpya itatawanyika, unapofifia, usiguse kabisa, unapokwisha, gusa kwa mgongo wa kiganja, na ukihisi ubaridi bado kuna unyevu ndani. Muuguzi ndiye aliyeushika ubaridi huo kabla ya wengine wote. Katika hali ya hewa yetu, hatua ile ya kati huchukua muda mrefu kuliko video nyingi za kufundishia zinavyoonyesha, kwani nyingi hutengenezwa kwenye nchi za hewa kavu.

Saa 5:00. Chai ya tangawizi na maandazi, kisha tunalowesha karatasi kwanza na kudondosha rangi juu yake. Fundi cherehani alifurahia hapa kuliko wote.

Saa 5:45. Kijana wa Tingatinga ana mkono mwepesi kuliko yeyote darasani, na ndiye mwenye mengi ya kugeuza. Mtindo huo, ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, hutumia rangi nzito zinazong'aa, za aina iliyopakwa baiskeli, ambazo hufunika chochote kilicho chini yake. Nukta nyeupe hutiwa mwishoni. Rangi ya maji haifuniki. Unaanza na mwanga na kushuka kuelekea giza, na weupe ni karatasi yenyewe uliyoamua kuiacha.

"Mwalimu, nyeupe iko wapi?" aliuliza.

"Umeiegemea kwa kiwiko," nikamjibu.

Saa 6:30. Adhuhuri imeadhiniwa. Tunapumzika kwa sala na chakula hadi saa 8:00.

Saa 8:00 mchana. Zoezi la mchana ni mlango wa kuchonga wenye vitovu vya shaba, kutoka kwenye picha niliyoipiga mtaani. Ili rangi isivifikie, vitovu tunavikinga kwa utomvu wa mpira: brashi kuukuu huchovywa kwanza kwenye sabuni, la sivyo utomvu huiganda isifae tena, na siku yenye joto hauachwi hadi kesho kwa sababu hung'ang'ania karatasi na kuichuna. Kivuli kilichoangukia ukuta wa chokaa tunakichanganya kwa bluu ya ultramarini na siena iliyochomwa, yaani kahawia yenye wekundu. Rangi nyeusi siiweki mezani, maana huua mwanga. Chembe za ultramarini ni nzito na hutulia kwenye vijishimo vya karatasi, hivyo kijivu hicho hutoka na punje zinazofanana na lipu ya kuta zetu bila mtu kuzichora. Mzee wa benki alipaka kivuli kizito mno. Kwa kuwa rangi hizi hushikanishwa na gundi ya mti wa jamii ya mgunga, ile inayotoka kwa wingi Sudan, maji huifufua hata ikishakauka. Tulilowesha sehemu ile, tukasubiri kidogo, tukainyanyua kwa kitambaa. Ingekuwa bluu ya thalo, ambayo hutia waa ndani ya nyuzi za karatasi, isingetoka.

Saa 10:15 jioni. Baada ya sala ya alasiri tunashuka uchochoroni, bila brashi, kuangalia vivuli halisi. Dada wa utalii, aliyeupita uchochoro huo mara nyingi akiwa na wageni, aligundua kwamba kivuli kilicho karibu na mlango kina wekundu kidogo, kwa sababu mbao hurudisha mwanga ukutani. Tulirudi juu na kila mmoja akaongeza siena upande huo.

Saa 11:30. Picha zote zinasimamishwa ukutani bila majina, na kila mtu anataja sehemu moja ambapo maji yalifanya kazi vizuri kwenye picha isiyo yake. Kesho ni anga na bahari, tutaanza saa 2:00 kabla jua halijawa kali. Mzee aliomba kuondoka na ubao wake. Nilimruhusu kwa sharti kwamba brashi zibaki kwangu.