Dingle kwa asiyekunywa bia

Kila nikitaja Dingle, wenzangu wa wodini huanza kunitajia baa. Siwalaumu, kwa kuwa ule mji mdogo wa Kaunti ya Kerry, kusini-magharibi mwa Ireland, umejaa baa. Mimi ni Mswahili wa Mombasa, bia siijui, na bado ndiko ninakokimbilia nikipata likizo. Haya nawaandikia nyinyi manesi wenzangu mliotapakaa Cork, Limerick na Dublin, mnaoniuliza ninafuata nini huko.

Kwanza, asubuhi usikae mjini. Toka ukazunguke barabara ya Slea Head, kama kilomita 47, inayoanzia Dingle na kurudi hapo hapo. Izunguke kwa kufuata mwendo wa saa, kama mabasi ya watalii yanavyofanya, maana kuna sehemu magari mawili hayapishani bila mmoja kurudi nyuma. Ireland wanaendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo bahari yote ni ya abiria wa mbele. Dereva abaki na kondoo na kuta za mawe. Sisi hubadilishana usukani pale kijiji cha Ventry, kisha tunagombana nani awe abiria tukielekea kijiji cha Dunquin.

Dunquin ndipo ninapokaa zaidi. Kuna njia ya saruji inayoteremka kwa kupindapinda hadi gatini. Shuka kwa miguu, gari liache juu kabisa. Mbele yako ni visiwa vya Blasket. Kisiwa kikubwa kilikuwa na kijiji cha wavuvi wazungumzao Kiairishi. Vijana walizidi kuhamia Amerika, wazee wakabaki, na dhoruba ikivuma hapakuwa na daktari wala kasisi wa kuwafikia. Mwaka 1953 serikali ikawahamishia bara wale wa mwisho. Kituo cha makumbusho pale Dunquin kinaeleza yote hayo, na kina dirisha kubwa linalotazama kisiwa chenyewe. Nenda huko kabla ya kupanda boti ya kwenda kisiwani, magofu ya zile nyumba yatakuwa na maana kwako. Boti zenyewe hufuata hali ya bahari. Ikichafuka hakuna safari, na hakuna wa kumlalamikia.

Mbele kidogo iko Gallarus, kanisa dogo la kale la mawe matupu, lina umbo la mashua iliyofudikizwa. Mtu aliyekulia kwenye nyumba za matumbawe na chokaa lazima aguse zile kuta. Chokaa hamna, mawe yamelaliana tu, yakiinamia nje ili mvua iteremke, na ndani pakavu.

Kuogelea? Coumeenoole ni pwani nzuri ya kupiga picha, lakini mkondo wake ni hatari. Kaa nchi kavu. Wenye watoto waende Ventry. Maji ni baridi hata Julai, usidanganywe na Waairishi wanaojitosa huku wakicheka.

Mjini rudi ukiwa na njaa. Nyama halali usiisumbukie, kula samaki. Chowder, ile supu nzito ya samaki kwa maziwa, huliwa na mkate mweusi wenye siagi, ila uliza kwanza kama haikutiwa bekoni au mvinyo. Ukishiba, aiskrimu ya Murphy's, ya chumvi ya bahari. Ndiyo, chumvi. Gatini utaona sanamu ya Fungie, pomboo aliyetokea bandari ile mwaka 1983, akaishi hapo peke yake akiwafuata wenye boti hadi alipopotea Oktoba 2020. Wenyeji wanamtaja kama marehemu wa mtaa.

Na baa? Ingia. Foxy John's upande mmoja wanauza misumari na nyundo, upande wa pili vinywaji. Dick Mack's ilikuwa pia duka la ngozi na viatu. Agiza chai au soda, hakuna atakayekutolea macho. Mzee mmoja kaunta aliposikia Mombasa alinieleza kwa kirefu habari za shangazi yake aliyekuwa sista Kenya, akaninunulia chai ya pili. Muziki wa fidla na kodiani huanza kama saa tatu u nusu usiku, na mwezi Juni jua linazama saa nne, yaani Maghribi inakukuta katikati ya wimbo. Chukua chumba karibu, uende uswali urudi. Bado watakuwa wanapiga. Watoto walio chini ya miaka 18 lazima watoke baa saa nne wakati wa kiangazi, saa tatu majira mengine. Msiotaka baa kabisa, ulizieni matamasha ya kanisa la St James.

Asiye na gari apande treni hadi Tralee, halafu basi. Agosti vyumba huisha mapema sana. Mimi naenda Mei au Septemba, na koti la mvua siliachi nyumbani hata jua likiwaka.