Nilifuata mlima, nikapelekwa mgongoni

Jamani Qingcheng, mlima mmoja huku China, imenitoa jasho, imenila hela, na nimerudi mjini Chengdu bila kuiona ile sehemu niliyoifuata. Kosa nusu langu, nusu la dereva.

Iko hivi, ule mlima una mbele na una nyuma, na ni sehemu mbili tofauti kabisa, kila moja na geti lake na tiketi yake, katikati ni mwendo wa gari. Mahekalu makubwa ya Watao, wafuasi wa Utao, dini ya zamani ya Wachina, yako mbele, ndo huko mwalimu wao mkubwa Zhang Daoling alikofundisha karne ya 2. Mimi nilijua mlima ni mlima. Nje ya stesheni ya treni jamaa mmoja akanidaka, nikamwonyesha picha ya hekalu kwenye simu, akaitikia kwa kichwa, tukapatana yuan 100, haya twende. Gari inakwenda tu, kona juu ya kona, nikawa najiuliza mbona ramani ilisema karibu. Akanishusha kwenye kimji kizuri kina mto, nyama ya nguruwe ya moshi imening'inia kila duka, akasema tumefika, akageuza gari huyoo.

Nikapanda. Ngazi, ngazi, halafu mbao zimeshikizwa kwenye jabali huku chini maji yanaporomoka, pazuri siwezi kukataa, ila unyevu ule shati liliganda mgongoni utafikiri nimetumbukia, na maji ya kunywa kila ukipanda bei nayo inapanda na wewe. Baada ya masaa mawili sijaona hata mtao mmoja. Nikamkuta bibi anauza matango, kayaweka kwenye beseni, mpira unaleta maji ya mlimani yanayapoza. Nikamwonyesha ile picha. Akaangalia, akaangalia mimi, akamwita mwenzake, wakacheka mpaka yule mwenzake akakaa chini. Akaongea kwenye simu yake, simu ikatafsiri: "Hiyo iko mbele. Hapa ni nyuma." Nikauliza huko juu kuna nini basi? "Hekalu la Wabudha."

Tango nilinunua. La baridi, tamu, ghali.

Kilichookoa safari ni Dujiangyan, mfumo wa kale wa kugawa maji ya mto, nilipita jana yake. Nilitegemea bwawa, ukuta mkubwa wa zege, kumbe hakuna ukuta wowote. Mwaka 256 hivi KK gavana Li Bing alikuta mto Min unafurika kila mwaka, akaugawa katikati kwa kisiwa chembamba, ncha yake wanaiita Mdomo wa Samaki, upande wa nje unachukua mafuriko, wa ndani unakwenda mashambani. Mbele kuna kingo fupi, maji yakizidi yanaruka yanarudi mto mkubwa na mchanga wake. Halafu wakapasua mlima, wakatengeneza shingo nyembamba maji yapite, na baruti bado haijagunduliwa, walikuwa wanachoma moto juu ya mwamba wanamwaga maji, jiwe linapasuka lenyewe. Nilisimama hapo kwenye ile shingo karibu saa zima. Maji ya kijani yanaingia yanasukumana kama ng'ombe mlangoni mwa zizi, yakishapita tu yanatulia, yanaenda zake Chengdu. Mpaka leo yanamwagilia mashamba.

Sasa mtu wa Kibosho ukiona hivyo utawaza nini zaidi ya mfongo, ule mfereji wa maji wa Wachagga? Wazee wetu nao walitoa maji kwenye makorongo ya Kilimanjaro bila pampu, bila injinia, yakafika mgombani. Kulikuwa na zamu, kulikuwa na siku ya kuzibua, usipotokea unalipa faini. Wa kwetu sasa hivi umejaa majani, sisi tunanunua maji ya bomba kwa ndoo.

Nikamtumia baba video, baada ya kuhangaika na VPN maana huku WhatsApp hamna. Akajibu kwa sauti, sekunde nne: "Yanazibuliwa na nani hayo?"

Nikampigia nikamwambia baba, zamani kila kipupwe walikuwa wanaziba upande mmoja unakauka, wanachimba mchanga mpaka wakute vyuma vilivyozikwa chini, wakivigusa ndo wanajua kina kimetosha. Akakaa kimya, nikadhani mtandao umekata.

"Vyuma," akasema. "Sisi tulikuwa tunapima kwa mpini wa jembe." Halafu akauliza, na yule dereva, hela amerudisha?