Ndoo imefika 14! Kumbukumbu ya mradi wangu wa maji baridi Mombasa

Leo alfajiri themomita imesoma nyuzi 14 za Selsiasi na sijanunua barafu hata kipande, kwa hivyo naandika sasa hivi kabla sijaanza kazi za watu. Wenzangu wa ishnaan, ule uogaji wa maji baridi alfajiri kabla ya kutafakari wa Kundalini yoga, utaratibu mnaujua, mafuta kwanza, kaptula ya pamba, kuingia na kutoka majini huku unajisugua mpaka ngozi iwake, sirudii. Shida yangu haijawahi kuwa utaratibu, wala kuamka. Brahma muhurta, ule wakati wa kutafakari kabla ya mapambazuko, inaanza saa moja na dakika 36 kabla jua kuchomoza, na huku kwetu adhana ya alfajiri inaangukia humo humo ndani, alamu ya simu nshaifuta zamani.

Shida ni maji. Mombasa haina maji baridi, jamani, haina! Kila maelezo unayosoma yanaanza na habari ya kufungua bomba la baridi halafu ujikaze. Nijikaze na nini? Yogi Bhajan, mwalimu aliyetuletea haya, alizaliwa upande ambao leo ni Pakistan, akaenda kufundisha Marekani mwisho wa 1968, na wafuasi wake wengi wakaweka makao New Mexico, kule juu milimani ambako Januari hapana mjadala, ukifungua bomba umekwisha. Mimi nikifungua bomba yanateremka maji ya tangi jeusi la lita elfu moja lililokaa juu ya paa likiota jua kutwa nzima, na maji mengi vile hayapoi usiku mmoja. Februari, kaskazi imekaza, saa kumi na nusu alfajiri nlikuwa napata 30 na ushei. Ngozi ya mtu yenyewe iko kwenye 33 hivi, sasa maji ya 30 yatakushtua wapi? Unaoga, unasikia raha, unarudi kulala. Hio si ishnaan, hio ni kuoga tu.

Jaribio la kwanza lilikuwa mtungi, na hapa ndipo nlipopoteza muda mwingi manake nliupenda sana ule mpango. Mtungi wa udongo mpya kutoka soko la Kongowea, nikauweka barazani upande wa upepo, nikauvisha gunia bichi. Bibi wa nyumba ya chini akanikuta naukung'uta, akauliza, "Mwanangu, maji ya mtungini ni ya kunywa, we wayaogea?" Nikamwambia bibi haya ni ya dawa. Akatikisa kichwa akaenda zake.

Mtungi unafanya kazi, sikatai. Maji yanapenya kwenye udongo, yanatoka jasho nje, upepo unayachukua na joto linaondoka nayo. Lakini una ukomo wake, na ukomo huo unaweza kuupima mwenyewe bila hata kuwa na mtungi: funga kitambaa kibichi kwenye ncha ya themomita, peperusha kwa nguvu, namba itashuka mpaka mahali isimame. Pale iliposimama ndipo mwisho wa mtungi wowote duniani siku hio, hata uuimbie. Bara kwenye hewa kavu kitambaa kinashuka vizuri sana. Huku kwetu hewa ishajaa maji tayari, jasho la mtungi litakwenda wapi? Kaskazi kitambaa kilinisimamia 25. Saa hizi kusi inavuma, kipupwe, kinafika 22 na mtungi unafika 23, ambayo kwa kunywa ni maji yanazizima, kwa kuoga ni maji ya kawaida tu. Halafu mi nlikuwa natilia maji ya kisima, ya chumvi, na baada ya muda mtungi ukaota ukoko mweupe nje kama unga wa sembe umepakwa kwa kidole, unaukwangua kwa ukucha unarudi. Ile chumvi inaziba vitundu, mtungi unaacha kutoka jasho. Sasa umebaki chombo tu.

Kisima nacho kila mtu ananambia, "kateke kisimani, Mji wa Kale kuna visima baridi". Nimepima. 27. Maji ya chini ya ardhi yanakaa karibu na wastani wa joto la mahali kwa mwaka mzima, na wastani wetu ndio huo, kwa hivyo kisima kinaonekana baridi mchana wa Machi kwa sababu wewe ndio umeungua.

Basi ikabaki barafu, nami barafu nlikuwa siitaki, naona kama kudanganya. Lakini hesabu haina dini. Ndoo ya lita 20 kutoka 27 kwenda 14 inataka kama kilo mbili na nusu za barafu ya friza, na kipindi cha kaskazi weka tatu. Barafu ya kununua ile ya wavuvi ni rahisi lakini inanuka changu, samahani, sitaki kuanza kutafakari nikinuka changu. Kwa hivyo chupa za soda za nusu lita, unajaza lakini si mpaka shingoni manake maji yakiganda yanavimba karibu asilimia tisa, chupa itapasuka. Maji ya ndoo hayachafuki, chupa zinarudi friza. Safi.

Ila friza ni ya mama watoto. Anauza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa madrasa, na mimi nimeingiza chupa sita mle. Siku ya kwanza aliniangalia tu. Siku ya pili nikakuta chupa zangu ziko juu ya meza zinatiririka maji na sauti kutoka jikoni, "Baba watoto, hizi za kwako zinaleta shilingi ngapi kwa siku?" Sikuwa na jibu na bado sina.

Kilichoniokoa ni utafiti wa Uholanzi uliotoka 2016, watu zaidi ya elfu tatu, wakaoga kawaida halafu wakamalizia na maji baridi, kundi moja sekunde 30, jengine 60, jengine 90. Likizo za ugonjwa zilipungua asilimia 29 kwa waliooga baridi (siku za kuumwa zenyewe hazikupungua, wanaumwa lakini wanakwenda kazini, Waholanzi hao), na tofauti kati ya sekunde 30 na 90 haikuonekana. Sasa nikajiuliza, mi lita 20 za nini? Mshtuko wenyewe unakuja mwanzo, ile pumzi kukatika, na ukikaa ndani dakika mbili tatu mwili unazoea. Lita 10 kwa kata, raundi tatu fupi, zinatosha na zinabaki. Lita 10 ni chupa tatu. Chupa tatu nimeruhusiwa, chini kabisa, nyuma ya ubuyu.

(Na wale mnaosambaza habari ya dopamini, ile kemikali ya mwili inayochangamsha, kupanda asilimia 250, utafiti ule watu walikaa saa nzima ndani ya maji ya 14 mpaka shingoni. Saa nzima! Si kata sita bafuni. Hio 14 ndio nlioichukua kama shabaha yangu lakini siwaahidi mtu asilimia yoyote.)

Kilichobaki ni muda. Ukitia chupa asubuhi unasubiri, manake plastiki inachelewesha, na mi saa kumi na nusu sitaki kukaa bafuni nakodolea macho ndoo. Ukitia usiku kwenye ndoo ya kawaida, alfajiri barafu imeyeyuka na maji yameanza kurudi. Jana nikaazima boksi la samaki kwa jamaa, lile la plastiki lenye povu kwenye kuta, nikaliosha kwa ndimu mpaka vidole vikachubuka, lita kumi na chupa tatu ndani, kifuniko, kanga nzito juu yake. Alfajiri: 14. Nimetia themomita mara mbili nikidhani betri imekwisha.

Sasa habari ya mafuta, manake hapa mtanipigia kelele. Wengi wetu Pwani tunapaka ya nazi, lozi ni ghali. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya 24 hivi. Na maji ya tangi hujui, lakini leo kata ya kwanza begani na mafuta yakageuka papo hapo, vipande vyeupe vidogo vidogo kifuani na kwenye nywele za mkono, unasugua yanajikunja kama nta, na mengine yakaenda kuziba tundu la bafu. Mama watoto asije akajua. Kuanzia kesho ni mafuta ya ufuta, ambayo ndio Wahindi wenyewe wanayapaka kwa abhyanga, kule kujisinga mafuta mwili mzima, na hayagandi kwenye baridi hii.

Vyombo: shawa siitaki tena, matone yake yanapita hewani yakichukua joto kidogo njiani. Jagi la plastiki linamwaga yote kwa mpigo unakosa kupanga. Kata ya kifuu, mpini mrefu, unafika mgongoni bila kujipinda, unajua pa kuanzia: miguu, mikono, kifua, mgongo mwisho. Themomita nunua ya jikoni yenye waya, ile ya kioo ya maabara ishanivunjikia sakafuni.

Mzee wangu aliposikia akataka na yeye, nikamkatalia, ana presha, na maji haya yanaipandisha ghafla. Mwenye moyo au presha amuone daktari kwanza, msinitie lawamani.

Mpango ulikuwa nikishapata 14 nianze zile siku 40 rasmi za kuoga hivi kila alfajiri bila kuruka. Naona zitangoja, kwa sababu leo baada ya raundi ya mwisho nlipanda darini na kaptula imelowa nikasimama kwenye kusi na nikatetemeka zaidi kuliko bafuni, na hapo maji yashakwisha! Upepo na nguo mbichi. Kumbe mtungi ningekuwa mimi. Sasa nataka kujaribu kikoi kizima kilichoroweshwa maji ya tangi hayo hayo ya 27, bila barafu, nisimame upande wa bahari, themomita imefungwa chini ya kitambaa begani. Ikishuka mpaka 23 kwenye ngozi kwa dakika chache, friza yote narudishia ubuyu. Tatizo ni majirani wa ghorofa ya pili, dirisha lao linaangalia darini moja kwa moja, kwa hivyo itabidi nitafute shuka ya kuzuia upande ule kabla ya kesho.