Barabara ya Kusini

Jana nimepanda basi Mbagala, Dar es Salaam, kwenda Lindi. Mkuranga, Kibiti, Rufiji, Somanga, Nangurukuru (hapo ndipo inapochepuka njia ya Kilwa), na Lindi tumeingia jua lingalipo. Lami mwanzo mwisho.

Mama niliyekaa naye aliniambia, "Mwanangu, zamani masika yakishika basi linalala Ndundu, tunasubiri kivuko, tunapika uji kando ya njia." Wengine waliona heri meli mpaka Mtwara, au wazungukie Songea na Masasi! Daraja la Mkapa, karibu mita 970 juu ya Mto Rufiji, lilifunguliwa 2003, na kivuko kikawa hadithi. Lakini tope halikuisha siku hiyo. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60 hivi, kiliendelea kutesa watu miaka mingi baada ya daraja.

Halafu Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zikaikata barabara palepale Somanga. Lindi na Mtwara zikatengana na Dar tena. Iliniuma sana. Madaraja ya pale yajengwe juu na mapana, maana korosho, samaki na wagonjwa wa rufaa ya hospitali ya Muhimbili wote njia yao ni hiyo.