Yai la Ol Bolossat

Nilikuwa na miaka 11 nilipoiba yai la korongo taji.

Kwetu Nyandarua, ziwa Ol Bolossat liko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi maji yake hukata mifupa. Tunaliita ziwa, lakini sehemu kubwa ni matete na tope, na ng'ombe tulichungia humo humo.

Siku tatu nilimwona korongo akitua mahali pamoja. Ya nne nikavua viatu nikaingia, maji magotini. Kiota kilikuwa matete yaliyokanyagwa yakalala, duara kama ungo, na ndani mayai matatu. Jike, au dume, maana wote wawili huatamia na huwezi kuwatofautisha, alisimama hatua chache tu, mbawa wazi, lile taji la dhahabu wima, akipiga kelele. Nikachukua moja. Moja tu, nilijiambia, kana kwamba hiyo ni adabu.

Siku hizi korongo huyu anahesabiwa kati ya ndege walio hatarini kutoweka, na mwaka 2018 ziwa lilitangazwa eneo la kulindwa. Enzi zile mimi nilijua jambo moja: wenye bustani kubwa mjini walipenda kumfuga.

Usiku ule nyanya alikuwa amemwekea kuku mayai. Nikalipenyeza la kwangu katikati. Lilijaa kiganja, samawati iliyopauka. Kuku alijigeuzageuza juu yake kama aliyekalia jiwe, kisha akatulia.

Siku ya 21 vifaranga wakaangua. Siku ya 23 kuku akatoka nao uani kuparua, asigeuke nyuma. Sikujua kwamba yai la korongo hutaka karibu mwezi mzima. Nikalifunga kwa sweta ya shule, nikaliweka kando ya meko. Usiku nikatega sikio: kitu kiligonga ndani, kidogo sana. Usiku uliofuata, kimya.

Nyanya ndiye aliyelipasua, nyuma ya jikoni. Kinda alikuwa amekamilika, miguu mirefu imekunjwa, manyoya yamelowa. Nilingoja fimbo.

"Zika," akasema. "Halafu ng'ombe wanakungoja."

Ziwani, wale wawili walikuwa wakipita nyasini polepole, na kinda mmoja nyuma yao. Nikawageuza ng'ombe, tukachungia upande mwingine.